Swichi ya Kitandani

Jumatano, 4 Machi
…na ndiyo maana nasema hakuna mume kama wangu! Karudi ananuka rangi na bado nikamkumbatia. Jumatano ni siku yake ya chuo. Mkataba wa uanagenzi unasema aachiwe, akasomee umeme mbali na kazi zake za kila siku. Lakini bosi wa karakana ana tafsiri yake: chochote kisicho kazi yako ya kila siku ni mafunzo. Basi leo kapaka rangi geti la bosi. Jumatano iliyopita alimwogesha mbwa wake!
Nikamuuliza, mbwa naye ana umeme? Akasema, akikung'ata utaona cheche. Ah, mume huyu!

Jumapili, 8 Machi
Zawadi! Mpenzi kanifungia swichi ya pili, kando ya kitanda. Taa iwashwe mlangoni, izimwe kitandani — hakuna kuinuka. Mashoga zangu wote nimeshawaringia.

Jumatatu, 9 Machi
Ukizima kitandani, ya mlangoni haiwashi tena. Mume wangu kaingia gizani, kajikwaa kwenye ndoo. Halafu akasema somo la swichi mbili lilifundishwa chuoni siku ile ya mbwa. Na ndilo litakalotoka kwenye mtihani, tarehe thelathini! Akifeli, mwaka mzima tena wa uanagenzi. Nimembusu paji la uso. Hakutania.

Jumatano, 11 Machi
Leo kampeleka mama mkwe wa bosi saluni, akamsubiri. Mafunzo hayo!

Alhamisi, 12 Machi
Nimempelekea mume wangu chakula karakana. Bosi kanipokea kwa bashasha.
"Bibi harusi! Nasikia mnazima taa mkiwa kitandani. Mke wangu naye anaitaka swichi hiyo. Mumeo aje Jumatano."
"Jumatano haiwezekani, bosi."
"Kwa nini?"
"Umeme si ndiyo kazi yake ya kila siku? Na Jumatano ni mafunzo, yaani kazi isiyo ya kila siku. Umesema mwenyewe."
Mafundi wakainamia mota zao, mabega yanatikisika. Mume wangu katumbua macho.
"Mwache aende chuo, bosi, akaisomee vizuri hiyo swichi. Halafu atakufungia."
Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Anakuna kichwa tu. Lakini mimi nimeshaahidi mbele ya mafundi wote: tutakuja nyumbani kwako wawili, bosi, kabla mwezi haujaisha. Tulione na geti.