Mama Anataka Nimvue Mtoto Chuma Siku ya Chinkhoswe

Agogo Nasibeko, bibi yetu sote, nakupigia magoti huko huko redioni uliko, mimi Zelifa wa huku kwenye mashamba ya chai chini ya mlima Mulanje, nishike mkono maana mchana nacheka na watu na usiku usingizi haunijii. Mwanangu wa kwanza, Limbikani, alizaliwa nyayo zote mbili zimegeuka ndani, zinatazamana kama watu wanaosengenya, na majirani wakasema nilimcheka kiwete nikiwa na mimba yake, nami nikawa namfunika kitenge hata kwenye jua kali, mpaka muuguzi wa kliniki ya watoto akakifunua akasema mama, hii inanyooka, mpeleke hospitali ya wilaya siku ya Alhamisi. Nilikwenda, Agogo. Nilikwenda Alhamisi baada ya Alhamisi, kwenye manyunyu ya baridi, mtoto mgongoni nimemfunga mifuko ya plastiki juu ya plasta ngumu isilowe, na beseni kichwani kwa sababu pale kila mama anakuja na beseni lake, tunakaa sakafuni tunalowesha plasta ya wiki iliyopita, tunaibandua huku tunaimba, halafu daktari anausogeza mguu kidogo tu, taratibu, wanafunga plasta mpya, tunarudi nyumbani, mpaka siku ambayo plasta ilitoka na nyayo zikatazama mbele. Mbele, Agogo! Akina mama walinichezea ukumbi mzima.

Akapewa viatu vya ngozi vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, miguu ikae imetengana, na muuguzi akasema avae usiku na mchana kwanza, baadaye wakati wa kulala tu, tena kwa miaka, maana nyayo zinakumbuka zilikotoka. Nikasema ndiyo. Lakini Agogo, mtu anakuja kutoka mbali kuona miguu iliyonyooka, utamwonyesha chuma? Akija shangazi namvua, wakija wa kwaya namvua, kanisani nikamvua mbele ya watu wote wakapiga vigelegele, na tena kwa chuma hakai vizuri mgongoni, basi nikajikuta viatu vinalala kikapuni zaidi kuliko miguuni.

Sasa Jumamosi mdogo wangu Fanesi anachumbiwa rasmi, ni chinkhoswe chake, wajomba wa pande mbili watakaa mikekani wabadilishane jogoo na tetea, na watu wa upande wa mwanamume tumesikia wanasema nyumba yetu inazaa miguu ya kupinda, kijana wao aangalie anapooa. Mama yangu anachemka. Ameniambia, "Jumamosi sitaki kuiona hiyo nira ya ng'ombe hapa uani. Mjukuu wangu atakaa mkekani miguu wazi, wale watu wayameze maneno yao na mifupa yake."

Nikasema, "Mama, hospitali wamekataza."

"Kwani anayeozesha binti hapa ni hospitali au mimi?"

Mume wangu Lackson amekuja kuoa kwetu, anaishi uani kwa mama, hana sauti. Alininong'oneza tu, "Mama Limbikani, huo mguu wa kushoto unauona lakini?" Ninauona. Asubuhi unaanza kutazama ndani. Na Alhamisi zimepita sijaenda, kwa sababu pale mimi ndiye wanayemwonyesha kwa akina mama wapya, mwoneni Zelifa, fanyeni kama Zelifa. Nitaingia na uso gani? Nimvue Jumamosi mdogo wangu aolewe kwa heshima, halafu niendelee na hospitali baadaye, au nifanyeje?

Zelifa, mashambani Mulanje

AGOGO NASIBEKO ANAJIBU

Zelifa, wamenisomea barua yako, na kabla sijakuchapa pokea kwanza vigelegele vyangu. Umevuka mashamba ya chai na mtoto mwenye plasta na beseni kichwani, watu wanakusengenya njia nzima, na hukurudi nyuma. Mimi sikukanyaga darasa lolote lakini najua mtu nikimwona. Na hospitali yetu hiyo, ambayo shuka unakuja nayo, beseni unakuja nalo, na plasta yenyewe mara ipo mara haipo, imechukua nyayo zilizotazamana ikazigeuza bila hata kumlaza mtoto wako wodini. Viatu vimeshonwa hapa hapa, kwa ngozi ya ng'ombe wa hapa, na chuma kimekatwa na watu wanaokula nsima kama wewe. Najivunia mpaka kitenge changu kinabana.

Basi nimemaliza kukusifu. Sasa kaa chini.

Wewe mwanamke una akili gani? Umepanda mahindi, yamechipua, na kila mgeni anayepita unang'oa mche umwonyeshe mizizi! Mtoto si picha ya ukutani. Shangazi akitaka kuona mguu ulionyooka, mwambie asubiri, utakuja wenyewe kumwamkia nyumbani kwake, tena utamkuta hajapika. Vile vigelegele vya kanisani Limbikani hatavitembelea. Atatembelea nyayo.

Na huo mguu wa kushoto usiuogope kama umeona mzimu. Umekumbuka ulikotoka, kama ulivyoambiwa. Ukienda sasa watausogeza tena, labda kwa plasta chache, utanyooka. Ukisema "baadaye", hiyo baadaye ina kisu, na chumba cha upasuaji kiko mbali, na foleni yake ina watoto waliovunjika mapaja na waliogongwa na baiskeli za mizigo. Usimpeleke mwanao akasimame kwenye foleni ambayo si yake.

Nije kwa mama yako, maana najua anasikiliza, tena ameongeza sauti. Mama Fanesi, mwenzangu, hujambo? Umekiita chuma cha mjukuu wako nira. Sawa. Wewe umewahi kuona mtu anamfunga nira ng'ombe asiyemtegemea? Nira hufungwa yule ambaye shamba linamngoja. Halafu unataka kuwafunga midomo watu wa upande wa pili kwa kuwaonyesha mguu ambao kufika mavuno utakuwa umepinda tena? Hapo ndipo watakucheka, na safari hiyo watakuwa na haki. Wakiuliza Jumamosi hicho ni nini, usiangalie chini. Wajibu hivi: "Jamani wakwe, miguu ya kupinda inazaliwa popote, kwa tajiri na kwa maskini, hata kwenu itakuja. Ikija, bahati yenu, mmeoa katika nyumba inayoijua njia ya hospitali." Kisha wapitishie kuku. Kijana atakayemwacha Fanesi kwa sababu ya viatu vya mtoto, mwache aende na jogoo wake, amekuepusha na mkwe mbovu.

Lackson, mwanangu, umeona mguu kabla ya wote halafu ukanong'ona. Kuoa kwa watu kumekunyima uwanja wa kujenga, hakukukunyima mdomo. Alhamisi beseni ulibebe wewe.

Zelifa, sikia vizuri sasa. Leo mvishe viatu. Kisigino kikikaa chini kabisa ndani ya kiatu, funga mikanda na usifungue kwa ajili ya mtu yeyote, hata mchungaji. Kikiwa kinapanda juu, usilazimishe, utamchubua, mwache hivyo hivyo na uwahi hospitali. Habari ya mgongoni waulize akina mama wa Alhamisi wenye chuma kama chako, wakuonyeshe wanavyofunga kitenge miguu yote ishuke pamoja na chuma kilale nje chini ya kiuno. Ungekuwa umekwenda ungeshajua. Na wakimfunga plasta tena hiyo Alhamisi, basi Jumamosi atakaa mkekani na plasta yake mpya nyeupe, hata itaendana na gauni la Fanesi.

Umeniuliza utaingia na uso gani. Huo huo ulionao. Fika mapema, kaa mbele, usijibanze mlangoni. Wakianza kusema mwoneni Zelifa, simama useme kwa mdomo wako: "Nilivua chuma kwa sababu ya sifa, na mguu umeanza kurudi, nimekuja unyooshwe." Utaona haya, ndiyo, haya haijavunja mtu mfupa. Lakini pale sakafuni kuna mama mwenzako ambaye naye amevua, anadhani ni yeye peke yake, na wiki ijayo alikuwa hana mpango wa kurudi. Akikusikia wewe, waliyekuwa wakimwonyesha, atarudi. Ukifanya hivyo mama, hata mimi nitasema fanyeni kama Zelifa.

Sasa zima hiyo redio ukamvishe mtoto.