Posta Ndani ya Chumba Changu

Mpendwa Neema,

Sisi huku mtaani Observatory tu wazima. Mjomba wako amehamia Bellevue, mtaa wa jirani, na babu yako siku hizi kila akishangaa anasema "eish" kuliko wenyeji wa huku.

Umeniuliza kwa nini programu yako ya kupokea barua pepe inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta yako, lakini ukiwapa wenzako waiweke kwenye zao inagoma.

Nilipokuwa msichana, ofisi moja ya mtaa wa Marshalltown, huko mjini, ilinipa kazi kama hiyo. Kwenye faili ya mipangilio, mahali pa kutaja folda ya kuhifadhia barua, niliandika folda yangu mwenyewe, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nikijaribia. Nikasahau kuibadilisha. Programu ikawekwa kwenye mashine ya ofisi, na hakuna hitilafu iliyoonekana. Furaha, Mkongo aliyekaa mapokezi, alingoja barua ya kaka yake wiki nzima, akidhani huyo kaka amepatwa na jambo. Kumbe ilifika siku ya kwanza, ikakaa kwenye folda yenye jina langu, huku yeye akiitafuta kwingine.

Nilipomwonyesha, aliisoma yote kwanza. Kisha akaniambia, "Kumbe ulitujengea posta ndani ya chumba yako."

Tangu hapo kila mstari nausoma kama Furaha, mtu asiyejua ninakoishi.

Faili uliyonitumia nimeisoma. Mstari wa tisa una jina lako. Nimecheka hadi babu yako akaja kuuliza kuna nini.

Ni mimi nyanya yako,
mwenye kile chumba.