Kapsuli za Twaha

Jumanne, 1 Julai
10.9 kabla ya chai. Jana ilikuwa 11.4. Mke wangu Hawa alifumba macho nilipomtoboa kidole, kisha akauliza, "Ngapi?" kana kwamba namba naitengeneza mimi. Mwaka wa sita huu tangu aambiwe ana sukari, na kila asubuhi namtoboa mimi. Yeye anaogopa sindano. Mimi nakula kwa sindano: nashona viti vya magari Kisenyi tangu nilipotoka Mumias nikiwa kijana.
Vidonge vya hospitali asubuhi na jioni. Vinamvuruga tumbo. Ananung'unika, anameza.
Goti langu limevimba tena.

Alhamisi, 3 Julai
Kuna mtu anaitwa Twaha. Zamani alikuwa mwalimu wa michezo, sasa anauza virutubisho. Mlonge, uwatu, habasoda na mdalasini, vyote vimesagwa na kujazwa kwenye kapsuli za kijani. Pia huwakusanya wagonjwa wa sukari baada ya sala ya alfajiri, wakauzunguka mlima wa Kibuli kwa miguu. Hawa amesikia sifa zake kwa jirani. Amenunua chupa. Kapsuli tisini, mbili kwa siku.
Ameniambia baada ya kununua. Si kabla.


Jumatatu, 7 Julai
Hawa ameanza kutembea na hao watu wa Twaha. Alivaa raba ambazo binti yetu Salma aliziacha alipoolewa Jinja. Mimi nilibaki na goti langu na chai ya rangi.

Ijumaa, 11 Julai
9.6.
Leo baada ya sala ya Ijumaa nimemwona huyo Twaha. Nilitarajia mzee mwenye mvi na mkoba wa mizizi. Kumbe ni mrefu, hana kitambi, ni mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi. Mjane. Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Mzee wangu, sukali haitaki halaka," alisema. "Na vile vidonge vya hospitali asiache hata siku moja. Hizi zangu ni za kusaidia tu."
Hata r inamshinda. Nilifurahi kuligundua hilo.
Nyumbani nikamsimulia Hawa, nikitaka amcheke. Akacheka kweli. "Sukali haitaki halaka!" Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini kilikuwa kicheko cha mtu anayempenda anayemcheka. Namjua Hawa. Ni miaka ishirini na saba.

Jumatano, 16 Julai
Leo nilipotoa mashine, Hawa alisema nisijisumbue. Wamepimana huko mlimani. Twaha ndiye aliyemtoboa.
"Wala sikusikia," alisema. "Ana mkono mwepesi."
8.1.
Nimeiweka mashine kwenye droo. Kwa miaka sita hakuna mtu mwingine aliyekigusa kidole kile kwa sindano, isipokuwa manesi. Wivu. Naandika neno lenyewe nilione lilivyo. Wivu.

Jumamosi, 19 Julai
7.2. Alipiga vigelegele jikoni.
Mke wangu anapata nafuu na mimi nimenuna. Hapa hasomi mtu, basi niseme wazi: nilitaka iwe kumi na mbili.

Jumanne, 22 Julai
Amepungua. Dera la manjano aliloshonewa wakati Salma anamaliza shule limemwingia tena. Anajigeuza mbele ya kioo. Nilimuuliza anamvalia nani, akadhani natania.
Alipokwenda kuoga nikachukua simu yake. Sijawahi kufanya hivyo. Kulikuwa na ujumbe kwa Twaha, wa leo asubuhi: "Asante Mwalimu. 6.9. Umenirudishia maisha yangu."
Umenirudishia maisha yangu.
Nani aliyekuwa akilala kwenye benchi la kliniki akimsubiri? Nani aliyeacha sukari kwenye chai ili asimtamanishe? Nani anayemkata kucha za miguu kila Ijumaa ili asije akajikwaruza kidonda kisichopona? Mimi sikumrudishia kitu. Mimi nilikuwa nayalinda tu.
Majibu ya Twaha yalikuwa mafupi. "Alhamdulillahi. Kesho usichelewe." Hakuna neno baya. Ningelipata neno baya ningepumua.

Alhamisi, 24 Julai
Nimefanya jambo.
Nilikwenda na chupa kazini. Saa ya chakula wenzangu walipotoka, nilitandika gazeti juu ya kiti cha gari nilichokuwa nakishona, nikafungua kapsuli moja moja. Zilikuwa zimebaki arobaini na nane, maana Hawa alishameza ya asubuhi. Unga wa Twaha ni wa kahawia, mchungu, unanuka habasoda. Nilimwaga karibu wote mtaroni. Nikajaza unga wa wimbi, ule wa uji. Vidole vyangu vimezoea vitu vidogo, haikuchukua hata saa nzima. Nilibakiza unga kidogo wa kwake ndani ya chupa, nikatikisa, ili harufu isipotee.
Wimbi haumuui mtu. Nataka tu sukari ipande. Nataka amuone Twaha alivyo.
Jioni chupa ilikuwa mahali pake. Hawa akameza moja kwa maji ya moto. "Bismillahi," alisema.
Sikuweza kumaliza chakula.

Jumatatu, 28 Julai
6.8.

Ijumaa, 1 Agosti
6.7. Juma zima anakula wimbi, na sukari haipandi!
Kwanza nilitaka kucheka. Unga wa Twaha ni bure! Nimemshika! Nilitembea mpaka Kisenyi kwa furaha, goti halikuuma. Nikiwa na mkasi mkononi ndipo nikaelewa. Nitamwambia nani? Nikisema dawa ni bure, nitaulizwa nimejuaje.
Halafu jingine, baya zaidi. Kama si kapsuli, ni nini kilichomshusha? Vidonge vya hospitali alikuwa navyo zamani. Kilichoongezeka ni kutembea. Asubuhi zote zile kupanda na kushuka, na posho, huu ugali wetu, aliyopunguza kwa sababu Twaha alimwambia apunguze. Kwa hiyo bado ni Twaha. Nimemwaga unga, yeye nimemwacha palepale.

Jumapili, 3 Agosti
Hawa ameamua kuacha vidonge vya hospitali.
Alisema tukiwa tunakula, kwa furaha, kama mtu anayetangaza posa. Tumbo limemchosha. Sukari imetulia. Kapsuli zinatosha. Nilimkumbusha Twaha mwenyewe alisema asiache. "Mwalimu ni mwoga," alisema. "Simwambii mpaka mwezi uishe, nimshangaze."
Nimshangaze.
Kinywa changu kilikuwa wazi, maneno yapo. Hizo si dawa, Hawa, ni wimbi. Nikayameza pamoja na maharage. Nikisema, nimejifunga mwenyewe. Nisiposema, sukari itapanda, na lawama zitamwangukia Twaha. Hesabu hiyo niliifanya mbele ya uso wake, naye ananiongezea mboga.

Jumatano, 6 Agosti
9.9, kwa mashine yetu ya nyumbani. Amesingizia viazi vitamu.

Jumamosi, 9 Agosti
13.6. Sasa anameza kapsuli nne kwa siku badala ya mbili. Amenunua chupa nyingine, lakini anataka kwanza amalize ile ya zamani. Nilimwona akimeza wimbi wangu, kichwa nyuma, macho juu, kwa imani kabisa.
Huko mlimani ameanza kudanganya. Anasema amejipimia nyumbani na iko sawa.

Jumatatu, 11 Agosti
Anakunywa maji mtungi mzima. Macho yanamfanyia ukungu. Nimemwambia arudie vidonge. Amesema kesho. Sikumwambia lingine. Mimi ni mtu gani?

Jumanne, 12 Agosti
Nilikuwa bado sijatoka kwenda kazini. Boda ilisimama mlangoni, Hawa katikati, Twaha nyuma amemshika kiunoni asianguke. Kitu cha kwanza nilichokiona ni ule mkono. Naandika kwa aibu. Mke wangu midomo imekauka, hawezi kusimama, na mimi natazama mkono wa mtu.
Alikuwa amekaa chini ghafla kwenye mteremko. Twaha akampima: 21.3.
Tukaenda hospitali. Alitundikiwa dripu. Nesi, mama mmoja mnene mwenye sauti kali, aliuliza anatumia nini, ndipo yote yakatoka. Ameacha vidonge siku tisa. Kapsuli tu.
"Wewe mama, hizi dawa za majani tunakukataza?" nesi alisema. "Hatukukatazi. Tunataka utuonyeshe. Nyingine zikichanganyika na vidonge zinashusha sukari mpaka mtu anazimia. Nyingine hazifanyi lolote. Lakini kuacha dawa yako bila kumwambia mtu! Ulitaka tukupokee umelazwa kwenye machela?"
Hawa alilia kimya kimya.
Nje, Twaha aliketi kwenye benchi, kichwa ameinamisha. Nikasimama kando yake. Hakujua mimi ni adui.
"Mke wangu alikufa hivihivi," alisema. "Aliacha dawa, akasema ameombewa. Ndiyo maana mimi natembea na watu. Na sasa kapsuli zangu ndizo zimemfanya mama huyu aache zake. Nitazimwaga zote, mzee. Wallahi nitazimwaga."
Nilipaswa kusema pale pale. Nilisema, "Usijilaumu sana."
Sana! Nikaongeza "sana"!

Jumatano, 13 Agosti
Hawa yuko nyumbani. 11.0 na inashuka. Amemeza vidonge vyake bila kunung'unika.
Nilimwambia baada ya adhuhuri. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha.
"Mama Salma, zile kapsuli ulizokuwa ukimeza ni unga wa wimbi."
Alinitazama. "Kumbe Twaha alinidanganya?"
Mlango ukawa wazi mbele yangu. Ndiyo moja tu, na yule mtu amekwisha, na mimi nimepona. Sijui kwa nini sikupita. Pengine ni lile benchi la hospitali.
"Hapana. Nilizijaza mimi."
"Lini?"
"Mwezi uliopita."
"Kabla sijaacha vidonge?"
"Kabla."
Akaikunja miguu. Nilidhani atauliza kwa nini. Hakuuliza.
"Siku ile nilipokwambia naacha, ulikuwa unajua sina dawa yoyote tumboni."
"Nilijua."
"Ukaniongezea maji ya kunywa." Kweli, nilikuwa nimemmiminia maji. Nilikuwa nimesahau. "Baba Salma, ungeweza kunizika."
Akaondoka kwenye mkeka, akaingia chumbani. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Alhamisi, 14 Agosti
Nilikwenda kwa Twaha. Alikuwa ameziweka chupa zote kwenye gunia, kweli anataka kuzitupa. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu sikustahili kuketi kwake kama mgeni.
Nilitegemea ngumi. Alifikiri kwanza.
"Kwa hiyo wakati ule sukali iko chini, alikuwa anakula wimbi?"
"Ndiyo."
Akalitazama gunia. "Umeniumiza mala mbili, mzee. Umeniacha nilale nikijua nusula niue mtu. Na sasa sijui kama ninachouza kinafanya kazi."
Nikamwambia sijui pia. Ni kweli. Pengine kilisaidia kidogo mwanzoni, pengine hapana. Mtu aliyechezea kipimo hawezi kusoma jibu.
"Kwa nini?" aliuliza.
"Alicheka kwa ajili yako."
Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Ndilo lililotoka. Twaha hakucheka, hakunihurumia. Aliniambia niende nyumbani.

Jumapili, 17 Agosti
Hawa amekwenda Jinja kwa Salma. Amechukua vidonge, mashine, na lile dera la manjano. Salma amenipigia. "Baba, umefanya nini?" Mama yake hajamwambia, amekataa. Nimemwambia mimi. Amekata simu.
Nimepika posho, ikaungua chini.

Jumatatu, 25 Agosti
Amerudi leo. 8.0, alisema, bila kuulizwa. Amefagia, amekunja nguo zangu. Anasema nami mambo ya nyumba tu: gesi imeisha, bomba linavuja. Nimetengeneza bomba.
Jioni, mgongo amenipa, anapanga vikombe, akasema, "Wivu wako nilikuwa nauona. Siku ulipouliza namvalia nani. Nilijua hutanii."
Nikachukua kitambaa, nikafuta meza.
"Nikaufurahia. Nikasema, kumbe bado ananiona. Hilo ndilo linalonikasirisha. Kwamba nilifurahi, na wewe tayari ulikuwa unatafuta njia ya kunidhuru."
Nilisema sikutaka kumdhuru yeye. Alisema kapsuli zile hakuzimeza Twaha.
 

Jumapili, 31 Agosti
7.6.
Alisema baada ya alasiri anataka kutembea. Sikujua kama nimealikwa. Nilivaa viatu, hakunizuia. Tulikwenda polepole kwa sababu ya goti langu. Mlima si mrefu, lakini kwangu ni mrefu. 
Karibu na shule tuliwakuta watu wa Twaha, siku hizi hutembea jioni pia. Jirani aliniambia Twaha hauzi tena kapsuli mpaka mtu amwonyeshe kadi ya kliniki kwanza. Twaha alitusalimu, "Assalamu alaykum," sote wawili, mimi baada ya Hawa. Wakapita. Hawa aliwatazama wakipanda. Nilimwona anavyotamani mwendo ule.
"Nenda," nilisema. "Mimi nitakusubiri."
Akanitazama kidogo, akaenda. Iliniuma. Inauma bado, nisijidanganye. Niliketi kwenye ngazi ya duka lililofungwa. Mama mmoja alikuwa akichoma mahindi. Upepo ulileta moshi wake kwangu, nikahama, ukanifuata, nikaacha kuhama.
Alirudi peke yake, uso umelowa jasho. Akaketi kwenye ngazi ile ile. Si karibu sana. Akavua raba moja, akaikung'uta vijiwe, akaivaa tena, na tukabaki pale mpaka pumzi yake ilipotulia.