Cherehani Yangu Iko Rumande

Jumatatu, 3 Machi

Nimeibiwa cherehani saa tatu asubuhi, imepatikana saa saba mchana. Saa nne tu! Kuna watu wanaibiwa vitu na hawavioni tena mpaka wanazikwa.

Nilitoka kibarazani dakika tano, kumshika mkono mama mkwe aende msalani — magoti yake hayo — kurudi, pametulia. Sakafu tupu. Sketi niliyoishona nusu imetupwa chini. Nikapiga yowe, mtaa mzima ukaitika. Mwizi hakufika mbali. Ni yule kijana anayepanga chumba cha uani, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kaipakia cherehani ya watu kwenye mkokoteni, na miguu yake ya chuma, kaifunika gunia. Mkokoteni ukapasuka gurudumu.

Watu walitaka kumpiga. Koplo wa polisi akafika, akawazuia, akasema huyu ni mtuhumiwa na ana haki zake. Nilimpenda Koplo saa ile, kusema kweli. Sikutaka damu ya mtu juu ya cherehani yangu. Polisi wakaibeba wenyewe mpaka kituoni, kwa heshima zote. Kesho asubuhi naenda kuichukua. Nina sare arobaini za kushona kabla shule hazijafunguliwa.

Jumanne, 4 Machi

Sikuichukua.

Koplo kafungua daftari kubwa, kanionyesha: Kielelezo namba kumi na saba. Haitoki mpaka kesi iishe. Nikamwambia, afande, ile ni yangu. Akasema ndiyo maana, isingekuwa yangu isingekuwa kielelezo. Nimeitafakari sentensi hii njia nzima mpaka nyumbani, bado haijaingia.

Ukutani pale wamebandika karatasi: HAKI ZA MTUHUMIWA. Ziko kumi na mbili, nimezisoma zote nikisubiri. Haki ya kula. Haki ya kuonana na ndugu. Haki ya kuachiwa kwa dhamana. Nzuri kabisa, sina ugomvi nazo. Nikamuuliza Koplo, za aliyeibiwa zimebandikwa wapi? Akasema karatasi ziliisha.

Mama mkwe kaniuliza cherehani nimeiachaje. Nikamwambia iko rumande. Akaguna, akaendelea kuchambua mchele.

Ijumaa, 7 Machi

Mwizi wangu yuko nje! Kwa dhamana. Nilikuwa nafagia kibaraza, nikasikia sauti ya adabu:

"Shikamoo mama. Kesi yetu inaendeleaje?"

"Marahaba," mdomo ukajibu wenyewe. Nimejichukia mpaka mchana. Kesi YETU!

Kwa hiyo aliyeiba anatembea mtaani, kilichoibwa kimefungiwa. Mama mkwe kashauri niiwekee cherehani dhamana. Nilicheka. Halafu, Mungu anisamehe, nikaenda kuuliza. Koplo hakucheka. Alisema dhamana ni ya binadamu. Cherehani haiwezi kuaminiwa kwamba itahudhuria mahakamani.

Jumatano, 12 Machi

Nashona kwa mkono. Sare nne zimekamilika. Vidole vimevimba, kikombe cha chai nakishika kwa viganja.

Leo nimepeleka mafuta ya cherehani kituoni. Ikikaa mwezi bila mafuta inakaza, naijua. Koplo hakuniruhusu kuiona — kwa usalama wake, anasema. Usalama wa cherehani, si wangu. Lakini kopo la mafuta alilipokea, akaahidi kuitia mwenyewe. Nimerudi moyo umetulia kidogo, kama niliyetoka kumpelekea mgonjwa uji.

Ile mashine ina ugonjwa wake. Inashona hatua nane, ya tisa inaruka. Hatua nane, pengo. Tangu siku marehemu mume wangu alipoidondosha mlangoni, siku aliyoniletea, na uso wake uliokuwa umejaa furaha ukaingia aibu. Mafundi watatu wameifungua, wamefunga, wamesalimu amri. Dawa yake naijua mimi: napita tena juu ya mshono uleule, nusu hatua pembeni, pengo linazibwa. Miaka ishirini na mbili hakuna mteja aliyegundua. Hilo sikumwambia Koplo. La nini? Yeye hashoni.

Alhamisi, 20 Machi

Koplo kaja mwenyewe kibarazani! Kakaa kwenye benchi la wateja, kauliza afya ya mama mkwe. Kisha akauliza, kwa kitambaa kizito inafaa sindano namba ngapi? Ni kwa ajili ya faili, wanahitaji maelezo kamili ya kielelezo. Nikamwambia kumi na sita. Nikampa mbili, nikaongeza na bobini tatu, ili faili liwe kamili.

Alipoondoka mama mkwe kanitazama muda mrefu. Akauliza, siku hizi mafaili yanashonwa? Nikamwambia asiwe na dhana mbaya na watu wanaotulinda.

Jumatatu, 31 Machi

Siku ya kwanza ya mahakama. Nimevaa gauni la msiba, sina jingine la heshima. Mwizi wangu kasomewa shtaka. Kaulizwa ni kweli au si kweli? Akasema si kweli.

Si kweli! Mtaa mzima ulimwona na mkokoteni! Kesi ikaahirishwa mpaka tarehe ishirini na nne mwezi ujao. Nilitoka nje nikamsubiri kwenye ngazi, nilitaka nimwambie maneno ambayo daftari hili haliyastahimili. Akaniwahi yeye. Shikamoo, halafu:

"Mama, mimi nilitaka kukiri leo leo. Koplo kanikataza."

Anasema alimweleza Koplo asubuhi kwamba atakiri, aombe msamaha, afungwe miezi yake, yaishe. Koplo akamjia juu. Ukikiri leo kesi inaisha leo, kielelezo kitatakiwa kitolewe leo, haraka ya nini? Kana shtaka, ni haki yako. Akamwonyesha na karatasi ya ukutani. Namba tisa: haki ya kutolazimishwa kukiri.

Nikamuuliza kwa nini uliniibia mimi, ninayekukopesha chumvi? Akainamisha kichwa, akasema aliiona iko peke yake. Nikamwambia haikuwa imelalamika. Halafu tukatembea pamoja mpaka nyumbani, njia ni moja, tungefanyaje.

Jumamosi, 5 Aprili

Sare kumi na moja. Mwalimu mkuu kasema anasikitika, ila anaanza kuulizia fundi mwingine. Nimelia kidogo jikoni. Mama mkwe kajifanya hasikii, akapandisha sauti ya redio.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeenda kituoni kuulizia cherehani, kama kawaida. Pana mapazia mapya! Rangi ya bluu, mpaka chini. Nikasema hongereni, kituo kimependeza. Koplo hayupo, nikaketi chini ya dirisha kumsubiri. Mtu wa kazi yangu akikaa karibu na kitambaa, mkono wake hautulii. Nikashika pindo. Nikalipitisha kati ya vidole.

Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane. Pengo.

Nikahesabu tena. Nane, pengo. Nane, pengo, mpaka mwisho wa pazia.

Niliinuka nikaondoka bila kuaga. Sijamwambia mtu. Labda dunia ina cherehani nyingine yenye ugonjwa huohuo. Labda.

Jumatano, 16 Aprili

Hakuna cherehani nyingine.

Nimerudi leo nikamkuta Koplo. Suruali mpya ya kazi, imepunguzwa miguuni. Nikadondosha leso yangu, nikainama kuiokota polepole — pindo lile pale. Nane, pengo. Aliyeishona hakupita mara mbili, na angejuaje? Nikainuka, nikamwambia, afande, suruali imekukaa. Akafurahi! Akasema mkewe ameanza kushona nyumbani, ana mkono mwepesi, wateja wanamiminika, tena watu wazito. Nikampongeza. Ndiyo, nilimpongeza, mimi niliyetoa mafuta, sindano mbili na bobini tatu. Loo, mjinga mimi! Namba kumi na sita!

Nimemsimulia mama mkwe mwanzo mwisho. Hakusema nilikwambia. Alisema tu, nenda kashtaki. Nikamuuliza wapi. Nilipoibiwa mara ya kwanza nilikimbilia polisi. Safari hii nikimbilie wapi, mama? Kwa mkuu wa kituo? Mapazia yale ni ya ofisi yake.

Nina hasira mpaka meno yanauma. Na nina hofu, hilo pia niliandike, kwa kuwa hapa sina wa kumdanganya.

Jumatano, 23 Aprili

Koplo kapita tena. Safari hii hakukaa. Kesho nitasimama kizimbani, shahidi wa kwanza, basi kaja na ushauri wa bure. Niseme nimemsamehe kijana. Kesi ifutwe, kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Na cherehani? Itatafutwa, akasema. Nikajifanya nashtuka. Itatafutwa vipi na iko stoo? Akarekebisha kofia.

"Mama, wewe ni mjane, unaishi na mzee wa watu. Usalama wenu tunauangalia sisi."

Akaaga vizuri kabisa. Nimefunga mlango na komeo zote mbili, mchana kweupe. Mwizi wangu kanigongea jioni, kauliza kama niko salama, alimwona Koplo akitoka. Yaani aliyeniibia ndiye anayeniuliza kama niko salama. Nikampa chai.

Kanambia kesho akisomewa shtaka tena atakiri, liwalo na liwe. Nikamwambia angoje kwanza nitoe ushahidi. Kuna mshono ninaotaka uandikwe kwenye kitabu cha mahakama.

Alhamisi, 24 Aprili

Naandika kwenye benchi la korido, mahakama imetoka kunywa chai. Dakika kumi na tano. Nitaandika haraka.

Nimeapa. Ukweli mtupu. Nikaeleza kibaraza, msala, mkokoteni. Hakimu ni mtu mpole, anaandika kwa mkono, taratibu, hamkatizi mtu. Mwendesha mashtaka akasimama, akasema kwa masikitiko kielelezo namba kumi na saba hakikuweza kuletwa leo, stoo imefungwa na ofisa mwenye ufunguo yuko likizo. Koplo alikuwa amekaa safu ya pili, ufunguo wa stoo unaning'inia kiunoni kwake.

Hakimu akaniuliza, cherehani za aina ile ziko nyingi, kielelezo kikiletwa nitatambuaje ni yangu? Swali nililoliomba usiku na mchana! Nikasema, mheshimiwa, kwa mshono wake. Inashona hatua nane, ya tisa inaruka. Nikaeleza mlango, marehemu, mafundi watatu. Akavutiwa, akaandika yote. Nikageuka kidogo: Koplo alikuwa anarudisha miguu yake chini ya benchi, mmoja, halafu wa pili.

Hakimu akasema, "Sasa, kielelezo hakipo. Mahakama itauona wapi mshono huo?"

Nilikuwa nalo jibu. Nimelala nalo wiki nzima. Nilikwisha kuinua mkono nielekeze safu ya pili. Ndipo Hakimu akainua wake atazame saa, na mkono wa joho lake ukaning'inia mbele ya macho yangu. Joho jipya. Jeusi, uzi mweusi, lakini dirisha lilikuwa nyuma yake na mwanga ulikuwa unapita kwenye matundu.

Nane. Pengo. Nane. Pengo.

Nikasahau kushusha mkono. Hakimu akanitazama, mkono wangu uko hewani, haujaelekea popote. Akasema shahidi amechoka, tunywe chai kwanza, tukirudi ajibu swali. Akanikumbusha kwa upole kwamba bado niko chini ya kiapo.

Huenda hajui. Mtu anapeleka kitambaa kwa fundi, haulizi cherehani imetoka wapi. Au anajua. Uso mpole hauonyeshi. Nikielekeza kwa Koplo peke yake nitakuwa nimesema ukweli nusu, na niliapa mtupu. Nikielekeza na kwenye joho, huenda nikalala rumande, ilikolazwa cherehani yangu. Nikisema nimesahau, narudi nyumbani salama, bila cherehani, na sare zilizobaki nitazimaliza kwa meno.

Mwizi wangu kapita, kaninong'oneza kwamba joho yeye kaliona pia. Kwa hiyo tuko wawili tunaojua, mimi na mwizi.

Mama mkwe yuko hapa pembeni. Kasisitiza kuja, na magoti yake. Nimemwambia yote sikioni. Nilidhani atasema twende nyumbani. Kafungua mkoba, katoa miwani yake, kaifuta kwa upindo wa khanga, kanivalisha mimi.

"Onyesha wote, mwanangu," akasema. "Si wewe uliyewavisha."

Karani yuko mlangoni, anaita shahidi wa kwanza. Koplo kaingia kabla yangu; amevua ile suruali, kaazima ya mtu, inamfika chini ya magoti. Hakimu ameshakaa. Joho hajalivua.

Wananiita mara ya pili