Chupa ya Asali ya Mama

Jumatatu, 6 Julai 1992

Nimetwanga tangawizi mpaka mkono umelegea. Kipupwe cha mwaka huu hakina adabu. Mtaa mzima unapiga chafya. Tangu asubuhi watu wanabisha hodi, wanataka majani: kivumbasi, mchaichai, mpera, mlimau. Nawapa. Nawaambia wachemshe chunguni, wajifunike blanketi, wavute mvuke mpaka jasho litoke. Mimi ninayewaambia hayo pua yangu inavuja kama bomba la shule. Dawa yangu inaponya kila pua ya Kibiti isipokuwa hii. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Majirani wema.

Mama anakohoa tangu juzi. Kikohozi kikavu. Imebaki chupa moja ya asali, ile ya Ruaruke, nyeusi, nzito. Zamani mrina asali alipita mlangoni na kibuyu chake. Siku hizi ni biashara huria: wachuuzi wa Dar wanamfuata hukohuko porini na madumu, sisi tunaachiwa nyuki. Chupa hii ni ya Mama. Kesho nachanganya na tangawizi, ndimu na kitunguu saumu. Bila asali hanywi. Anasema tangawizi tupu inamchuna koo.

Jumanne, 7 Julai

Saba Saba. Redio inawasifu wakulima. Mkulima wangu, yaani mume wangu, yuko Mbwera anamalizia mpunga, sifa hazijamfikia.

Shamte alikuja. Mtoto wa mjomba wangu, kaka yake Mama. Binamu, kwa hiyo mtani. Ana haki ya kuepua kuku wangu jikoni akaondoka naye, nami nina haki ya kumwita nyani mbele ya wakwe zake. Tumefanya hivyo tangu tukiwa watoto na hakuna aliyewahi kununa. Mtani hanuniwi. Ndivyo tulivyolelewa.

Leo akanyakua chupa ya asali.

Nikasema, "Weka chini, we ngedere! Ya shangazi yako hiyo, anakohoa."

"Shangazi hakohoi, anakucheka wewe na hiyo pua."

Akatoka mbio, na kitambi chake. Nikacheka. Mama chumbani naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi hakikuisha.

Nina hasira. Nimecheka na nina hasira. Siwezi kumnunia, basi nanuna humu.

Alhamisi, 9 Julai

Nimejua asali iko wapi. Shamte ana kibanda cha chai pale stendi, wanaposimama abiria wa mabasi ya kusini. Jirani yangu Bi Tatu amepita, amerudi na habari. Shamte anauza chai ya tangawizi na asali, anapiga kelele kwamba ni dawa ya mafua, imetengenezwa na bibi kizee wa Mbwera anayeishi na mamba. Abiria wanapanga foleni.

Bibi kizee ni mimi. Nilizaliwa Mbwera, hilo kweli. Mamba sikuishi nao. Nina binamu tu.

Nilimtuma Bi Tatu arudi mchana: mwambie kwamba Mama hali chakula, alete walau asali iliyobaki. Jibu likaja: "Mwambie ajifukize kichwa kwanza, akili zilainike."

Bi Tatu aliniambia huku anacheka. Nikacheka na mimi. Nilitamani kumpiga kwa mchi.

Ijumaa, 10 Julai

Nimemfukiza Mama asubuhi. Nimemshika mabega chini ya blanketi, tumetoka jasho wote wawili. Pua yake imefunguka. Yangu pia, kwa mara ya kwanza. Kifua hapana. Nimempikia tangawizi na sukari. Kafunga mdomo kama mtoto. Nikamgombeza. Mama yangu mzazi, nimemgombeza kwa kosa la Shamte.

Nimezunguka maduka yote kutafuta asali. Sabuni za kila rangi zipo. Redio za betri zipo. Mitumba mpaka barabarani. Asali hakuna.

Alasiri nikatuma neno tena. Safari hii nilisema wazi: si utani, Shamte, nakuomba. Nani ataamini? Maisha yetu yote kila utani umeanza na maneno hayohayo.

Akaleta mtu na kifurushi cha gazeti. Nikafungua mbele ya Mama, mjinga mimi, nikidhani ni asali. Ilikuwa karafuu maiti. Ile inayowekwa kwenye pamba ya maiti. Na maneno yake: dawa ya mafua hiyo, dada, ukishawekewa puani hupigi chafya tena.

Utani wangu, huo. Ulinilenga mimi na pua yangu, si Mama. Siku nyingine ningeanguka chini kwa kicheko na kumtafutia jeneza.

Mama akanyoosha mkono, akanusa. Akasema, "Shamte kaninunulia mapema."

Sijawahi kumchukia mtu hivi. Naandika jina lake na kalamu inatoboa karatasi. Shamte. Shamte mwizi. Shamte mtoto wa mjomba.

Jumamosi, 11 Julai

Mama kaamka anashika ubavu. Anapumua kwa haraka haraka, pumzi fupi. Nikamwachia Bi Tatu, nikaenda stendi.

Njiani nilipanga matusi. Nilikuwa nayo mengi, mengine mapya kabisa. Halafu nikaona: nikimtukana atafurahi. Atanijibu. Watu watacheka, nami nitarudi mikono mitupu.

Nikasimama mbele ya kibanda. Nikavuta mtandio nikaufunga vizuri. Nikasema, "Assalaam alaikum, Bwana Shamte. Umeamkaje? Watoto hawajambo?"

Akacheka. "Leo umekula nini, we kunguru?"

"Samahani kwa kukukatizia kazi. Nimekuja kukuarifu kuwa shangazi yako ni mgonjwa sana. Nimeona si vizuri usikie kwa watu."

Mtu aliyekuwa anakunywa chai akashusha kikombe. Watu wa hapa wote wanajua sisi ni nani. Kicheko cha Shamte kilibaki usoni peke yake, hakuna sauti. Tangu nizaliwe sijamwita Bwana. Akatazama mikono yangu kama anatafuta mchezo uko wapi. Hakuupata. Akaliacha birika motoni, akavuta baiskeli.

Nyumbani tumempakia Mama nyuma, tumemfunga kwa kanga asianguke. Shamte anasukuma, mimi namshikilia. Hivyo mpaka kituo cha afya.

Mganga akamsikiliza kifua. Kichomi, akasema. Sindano, asubuhi na jioni. Akanigeukia.

"Mama, siku zote hizi ulikuwa unangoja nini?"

Nikasema, "Asali."

Akanitazama. Nami nikalisikia neno langu mwenyewe. Shamte alikuwa nyuma yangu, amesikia pia. Wagonjwa wa majani yangu nawaambia kila siku: kikishuka kifuani, nenda kwa mganga. Tangu Alhamisi nilikuwa nimekaa namngoja Shamte anyenyekee. Nilitaka asali irudi kwa mkono wake. Hasira ilinipofusha, na Mama ndiye aliyekuwa anakohoa.

Bado namchukia Shamte. Leo nimejiongeza kwenye orodha.

Jumatatu, 13 Julai

Mama yupo kituoni. Homa imepungua, hajala. Nalala sakafuni karibu naye, mgongo unanitukana.

Shamte anakuja asubuhi na jioni. Anasimama mlangoni, anasema, "Shikamoo, dada." Shikamoo! Ananizidi miaka miwili. Namjibu marahaba, kavu, kama mke wa mkuu wa wilaya. Anaumia. Nafurahi anavyoumia. Mtu mzima na mvi zangu, nafurahi.

Jana alikwenda Ruaruke kwa baiskeli, karudi na kibuyu cha asali na uso umevimba kwa nyuki. Alirina mwenyewe huko porini, mrina asali kamwachia kazi ya moshi tu. Jicho moja limefunga. Ningekuwa mtani wake ningekuwa na kazi ya mwezi mzima na hilo jicho. Nikasema, "Ahsante, Bwana Shamte, Mungu akulipe." Akaweka kibuyu chini taratibu, akaondoka.

Sikukigusa.

Jumatano, 15 Julai

Kala uji. Vijiko vinne, kisha kauliza chumvi iko wapi. Mganga anasema kesho kutwa nyumbani.

Nimelia nyuma ya choo cha kituo. Basi.

Ijumaa, 17 Julai

Tumerudi. Mama kakaa barazani, kanga mbili, soksi za mume wangu miguuni. Shamte katusaidia kubeba, kisha akakaa pembeni ya mkeka, mikono mapajani, kama mposaji. Nikachemsha tangawizi, nikakamua ndimu, nikaitia ile asali yake. Mama akanywa kikombe chote. Akaomba kingine.

Akatutazama. Mimi, kisha Shamte. Shamte akasema, "Dada, nikuletee maji?" Nikasema, "Hapana, ahsante, Bwana Shamte."

Mama akasema, "Nyinyi mna nini? Nimekufa hamjaniambia?"

Jicho la Shamte lilianza kulengwa na machozi, lile linalofunguka.

Nikamwambia kwamba sura yake hiyo nyuki wameipunguzia ubaya. Utani haukutoka vizuri. Hasira ilikuwamo bado, kila mtu aliisikia. Hakucheka. Alitikisa kichwa tu, mara nyingi, akitazama mkeka. Nikammiminia chai, kikombe kilekile anachokunywa siku zote. Akakipokea kwa mikono miwili.

Alipoondoka Mama alikuwa amesinzia palepale barazani. Nikakaa karibu, nikatega sikio kifuani kwake. Hewa inaingia, inatoka. Hakuna mkwaruzo tena.