Sura ya Mwisho Tuliyofungia Njugu

Lakini Shangazi, mimi bado nasema ni mama yao. Dada mkubwa hawezi kuwa jikoni akipika na wakati huohuo anatingisha kile kiti cha kwenye kitabu chetu! Haya, tuache kwanza. Nina habari, na nikikawia nitapasuka. Nimeolewa! Wiki tatu sasa. Natembea hapa Kiplombe na pete yangu, nasalimia hata ng'ombe wa watu.

Unamkumbuka Kipruto, yule uliyesema anacheka na macho kabla ya mdomo? Ni yeye.

Siku ya mahari, wazee wakihesabu vitu vya kuletwa, wakafika kwenye blanketi la shangazi. Nilikuwa nyuma ya mlango, machozi yakaanza. Baba akasema polepole, "Hilo tuliache, mwenyewe hayupo." Kipruto akasimama. "Hapana, Mzee. La kwake nimekuja nalo." Akaweka mezani blanketi la buluu, zito, vile ulivyopenda. Na ndani yake, Shangazi, alikuwa amefungia kitabu kama kile chetu! Kizima, na kurasa zote! Miezi minne alikitafuta kwa wauza vitabu vya mitumba mjini bila kuniambia. Nani asingempenda?

Nilikuwa nimemsimulia yote: kibanda chako pale soko la Ziwa, wewe ukikaanga njugu, mimi nikikusomea habari za ile familia iliyojifungia mlimani, haina mgeni wala jirani, wanakula bila kusemezana, na kiti cha mama aliyezikwa kinatingishika chenyewe kila jioni. Uliogopa mpaka ukatia chumvi mara mbili. Halafu ile siku ya mnada, wateja wamejaa, karatasi za kufungia zimeisha, ukarusha mkono nyuma na kurarua kitabu bila kuangalia. Sura ya mwisho yote! "Mtu ameenda nyumbani na siri yetu," ulisema, "na amekula njugu juu yake!" Tulicheka hadi tukaketi chini.

Ndipo tukawekeana ahadi. Wewe ulisema anayetingisha kiti ni dada mkubwa, kwa kumpenda mama yake. Mimi nikasema mama hakufa. Atakayeshindwa asimame katikati ya soko aseme kwa sauti, "Mwenzangu anajua watu kuliko mimi." Kisha ukaugua. Ukaenda. Mimi nikabaki na kitabu kisicho na mwisho, na sikutaka kukigusa tena.

Sasa tunakisoma hiki kizima kila jioni tukimaliza kula. Upepo ukigonga mabati, Kipruto ananishika mkono, mwanaume mzima! Tumefika pale uliporarua, nami nimeifunga sura ya mwisho kwa uzi. Ananibembeleza, "Ukurasa mmoja tu, mpenzi, marehemu hatajua." Atajua! Nimekificha kwenye mkebe wa unga. Siwezi kujua kabla yako, Shangazi. Siri hiyo ndiyo iliyobaki yetu sisi wawili.

Kwa hivyo usiwe na wasiwasi. Kutoka kaburini kwako soko linasikika. Tutatandika blanketi lako hapo kando, nikate uzi, nikusomee mpaka neno la mwisho. Ukishindwa, nitaenda sokoni niseme kwa niaba yako. Nikishindwa mimi, nitapiga kelele mpaka wauza kuku wanifukuze.

Pumzika vizuri, mpenzi wangu, lakini siku hiyo ukae macho. Tunakuja siku ya mnada, kabla mwezi huu haujaisha.

Chela wako