Paka wa Vichakani Amekubali

Masanze

Mwanangu Angela, marahaba.

Kosa la wengi ni kumfunga kamba paka mwoga ili aizoee nyumba. Anachozoea ni hofu. Huyu wangu, aliyezaliwa vichakani, nilimwekea dagaa mlangoni, nikakaa kimya nikisoma. Jirani yetu Debora alinicheka: "Mwalimu, huyo ni wa porini, utazeekea hapo!"

"Nimeshazeeka," nikamjibu.

Leo asubuhi paka mwenyewe amepanda mapajani mwangu, akalala, akakoroma! Debora nilimwita aje aone. Aliguna tu.

Tangu mama yako atutoke, nyumba hii ilikuwa kimya mno. Chumba mlichoniandalia Mikumi ni kizuri, lakini nikihama, paka atarudi vichakani. Siji. Leo hii mwambie mumeo asilete gari Jumamosi.

Baba yako,
Melkizedek